Filimbi Juu ya Jiko

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, na bawa langu nimelikimbiza miaka hamsini na mitatu bila kulivunja. Naogopa mbwa, na kazi yangu ni kupeleka barua nyumba kwa nyumba. Naogopa daktari wa meno. Naogopa barafu ya barabarani kuanzia Novemba mpaka Machi. Lakini hofu yenyewe, ile ya tumbo kukataa chakula na vidole kushindwa kufunga kifungo cha shati, niliijua Januari ile Nonie Drury aliponikabidhi filimbi ya marehemu kaka yake.

Nonie alikuwa na miaka sabini na minne, akiishi peke yake katika nyumba ya mwisho kabla ya ziwa. Kila siku nilikunywa chai jikoni kwake, awe na barua au asiwe nayo. Alikuwa na jiko la chuma la kuchomea mabonge ya udongo mkavu wa kinamasi, na juu yake, ukutani, kishubaka chenye sanduku jembamba. Parokia nzima ilijua kilichomo. Hakuna mkono mwingine uliokuwa umeligusa tangu Januari ya mwaka 1968, Batty Drury alipozama Ziwa Gara akiwa na miaka ishirini na sita.

Marehemu baba yangu alikuwa rafiki yake Batty. Alijifunza kwake rili moja, muziki wa mbio wa kuchezea dansi, ambayo haina jina ila Rili ya Batty. Baba naye akanipa mimi kwa sikio, mezani, kipande kwa kipande, na kila nikikosea anagonga sahani kwa kijiko. Wengine wanaipiga siku hizi, lakini hawapumui panapotakiwa. Batty alikuwa akiruka noti moja katika sehemu ya pili, mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingeruka, akavuta pumzi palepale. Baba aliniapia kwamba nikiihamisha ile pumzi atatoka kaburini anizabe kofi. Sijawahi kuihamisha.

Kwa hiyo Nonie alipoandaa Misa ya kumkumbuka Batty, miaka hamsini tangu afe, sikushangaa aliponitaka nipige. Nilishangaa alipoendelea.

"Utapiga kwa filimbi yake, Fintan."

Chai ilinipalia. "Bi Nonie, mimi ninayo yangu. Nzuri tu."

"Nani amekuuliza habari za yako?"

"Hiyo imelala miaka hamsini."

"Basi iamshe. Una wiki mbili. Si wewe unayejitia fundi, unafundisha watoto wa watu kila Jumamosi? Au unawafundisha kukohoa?"

Alipanda kigoda mwenyewe, akakataa nimshike. Aliteremsha sanduku, akalifuta kwa aproni ijapokuwa halikuwa na chembe ya vumbi. Aliponipa hakuliachia mara moja. Tulilishika wote wawili.

"Ikipata jambo, mwanangu," alisema, "usirudi hapa." Alicheka aliposema, lakini kicheko kilimfika mdomoni tu, machoni hakikufika.

Sasa niseme vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Filimbi ya mbao iliyolala haiamshwi kwa fujo. Pumzi ya mtu ni joto na maji. Ukiipuliza muda mrefu, mbao ya ndani inavimba huku ya nje bado kavu, na hapo zinagombana. Siku ya kwanza unapiga dakika tano, unaifuta, unaipaka mafuta, unaiacha. Siku ya pili dakika kumi. Wanafunzi wangu wanalijua hilo kuliko Baba Yetu. Nimewaandikia kwenye kadi.

Jumapili hiyo nilifika nyumbani saa nane mchana, nikafungua sanduku. Ilikuwa ya mpingo, nyeusi, vipande vinne, na funguo za fedha. Nilipoviunga vipande viungo vilicheza, ikabidi niongeze uzi. Pete za fedha zilizunguka zenyewe kama pete kwenye kidole cha mgonjwa aliyekonda. Niliziona. Ningejiuliza kwa nini, lakini nilikuwa nimekwisha iweka mdomoni.

Nitaielezaje ile sauti? Nimepiga filimbi miaka arobaini, na nyingine zote, ukizilinganisha na ile, zilikuwa kama kuongea kupitia mlango. Noti za chini zilitetemesha meno yangu. Dakika tano zikapita. Nikasema, moja tu zaidi. Nikapiga Rili ya Batty, nikavuta pumzi mahali pake, na nywele zikanisimama kwa furaha. Nikasema, moja tu zaidi. Nilipotazama saa ilikuwa inakaribia saa kumi.

Ndipo ikalia. Tak. Mlio mdogo, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili.

Sikutaka kutazama. Nilikaa nayo magotini huku natazama dirishani, najiambia ni kiti, ni dari, ni panya. Halafu nikapitisha kidole. Ufa ulianzia kwenye tundu la kupulizia ukapanda kichwa, kile kipande cha juu cha filimbi, mpaka kwenye pete. Ukucha wangu ulizama ndani yake.

Niliirudisha sandukuni. Sanduku nikaliweka kabatini, nikalifunika blanketi, kisha blanketi la pili, utadhani lina macho.

Siku hiyo nilijaribu yote yanayojaribiwa na wajinga. Nilipaka mafuta. Nilijaza ufa kwa nta ya mshumaa, nikapuliza polepole, ikatoa mlio wa mzee mwenye pumu, na nta ikayeyuka ikaniangukia kidevuni. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu hakusubiri hata nioe.

Jumatatu nilitumbukiza barua za Nonie mlangoni nikakimbia. Mlango ulifunguka kabla sijalifikia gari.

"We Fintan! Nyumba inaungua? Chai hii nani anywe?"

"Nina mafua, Bi Nonie. Nisije nikakuambukiza."

"Una mafua na unapiga filimbi?"

"Yamenianza leo."

"Hm." Alinitazama kutoka kwenye kisigino mpaka kwenye kofia. "Inasemaje?"

"Nani?"

"Papa wa Roma. Filimbi, bwege wewe!"

"Inaamka," nikasema. "Inaamka polepole." Niliendesha gari mita mia mbili nikasimama nyuma ya ua, nikazima injini.

Jioni ile, kengele ya sala ya saa kumi na mbili ilipomaliza kulia kwenye televisheni, simu yangu ikaita. Nilijua ni yeye kabla sijaitazama.

"Nipigie kidogo," alisema Nonie. "Rili yake. Nisikie tu, kisha nitakuacha."

"Mafua, Bi Nonie..."

"Kidogo tu, mwanangu. Miaka hamsini nimengoja."

Nilichukua filimbi yangu. Tazameni mtu alivyo: kichwa kinasema usifanye hivyo, na mikono imekwisha funga viungo. Niliiweka simu mezani nikapiga rili yote, sehemu ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, nikavuta pumzi pale pa Batty. Nilipomaliza palikuwa kimya. Nilidhani simu imekatika. Halafu nikasikia analia.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Yesu na Maria, ndiyo yenyewe. Umesikia inavyonguruma chini? Na amepumua palepale." Hakusema umepumua. Alisema amepumua. "Kesho tena, Fintan."

Nilimpigia Jumanne. Nikampigia Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kila siku alizidi kulia na mimi nilizidi kushindwa kula. Usingizi ukahama. Nilihesabu siku za Misa kama mtu anayengoja kunyongwa, maana siku hiyo ningesimama mbele ya parokia nzima na filimbi yake mkononi, naye Nonie akiwa benchi la kwanza, hatua nne kutoka kwenye ule ufa. Za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa kumi na nne, na sita zilikuwa zimekwisha.

Jumamosi niliwafukuza wanafunzi, nikaendesha gari mpaka Leitrim, kaunti ya jirani, kwa fundi Colman Geelan. Colman ndiye aliyenitengenezea filimbi yangu. Ni mtu anayesema kama vile kila neno linatozwa kodi, na hajawahi kumdanganya mtu kuhusu mbao, hata pale uongo ungemwuzia filimbi. Aliipokea, akaingiza kijitaa ndani ya kichwa, akatazama. Akatazama kipande cha pili, cha tatu. Akazungusha pete kwa kidole kimoja. Nilisimama mlangoni, tayari kukimbia sijui wapi.

"Nani ameioka hii?"

"Ameioka?"

"Umesikia. Hii haikutunzwa, imeokwa. Imekaa wapi?"

"Juu ya jiko. Miaka hamsini."

Colman alipiga mluzi. Alinionyesha: tundu la ndani halikuwa duara tena, lilikuwa na umbo la yai. Vipande vingine navyo vilikuwa na nyufa ndani, nyembamba kama unywele, ambazo nisingeziona.

"Nilipiga karibu masaa mawili, Colman. Siku ya kwanza."

"Wewe ni mpumbavu, hilo halina mjadala. Lakini hata ungepiga dakika tano ingepasuka. Hata angekuja malaika kuipuliza. Kichwani humu mna bomba la shaba. Shaba haisinyai. Mbao ikisinyaa juu ya shaba, inangoja sababu tu."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Wewe ulikuwa sababu. Aliyeiua ni jiko."

Nilikalia ndoo iliyokuwa karibu. "Inaponyeka?"

"Kichwa naweza kukiziba kwa gundi. Sauti siahidi. Na si kwa Misa yenu, wala kwa Pasaka. Kwanza ikae mahali pa baridi na unyevunyevu, miezi sita, inywe maji kidogo kidogo. Jambo moja tu, Fintan: isirudi kwenye joto. Ikirudi, zile nyufa za ndani zitatoka nje moja baada ya nyingine, na hutakuwa na filimbi. Utakuwa na kuni."

Nirudi naimba, nisiimbe? Niliimba hadi mpaka wa kaunti! Si mimi, ni jiko. Niliyapanga maneno njia nzima, nikayapamba: Bi Nonie, keti, nina habari mbaya, lakini fundi mkubwa amesema si kosa la mtu wa kuipiga. Nilikuwa mwepesi kama mtu aliyesamehewa dhambi. Kwamba kosa likinitoka mimi lazima liende kwa mwingine, sikulifikiria hata kidogo. Mwoga hafikirii mambo hayo mpaka awe mlangoni.

Nilifika kwake giza la Januari linaanza kuingia. Aliliona sanduku chini ya kwapa langu, uso ukamng'aa.

"Umekuja kunipigia hapahapa! Ingia, ingia, funga mlango." Alikuwa anaoka mkate wa magadi, mikono ina unga mpaka viwikoni. "Tazama nilichofanya."

Kishubaka kilikuwa kimetandikwa kitambaa cheupe kipya, kimetariziwa pembeni.

"Ni pa kwake akirudi baada ya Misa," alisema. "Gusa hapo. Gusa jiwe."

Niligusa. Jiwe la kishubaka lilikuwa na joto la mkate.

"Pako hivyo usiku na mchana," alisema Nonie. "Jiko hili halijazimika, Fintan. Dada yangu ameniletea tiketi ya kwenda kwake Boston mara mbili. Sikwenda. Nani angetia mabonge? Nilipolazwa kwa ajili ya nyonga, baba yako, Mungu amrehemu, alikuja kulichochea asubuhi na jioni. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Nilimwapisha." Alijifuta mikono. "Asubuhi ile palikuwa na barafu mpaka kwenye nyasi. Batty alikuwa avuke ziwa kwa mashua, akawinde bata kwanza, kisha apitie nyumba moja ng'ambo wapige muziki. Alikwisha iweka filimbi mfukoni. Akafika mlangoni, akasikia ile baridi, akarudi. Akaiweka pale juu kwa mkono wake. Akaniambia, 'Nonie, iangalie isipate baridi.' Akaenda." Akatupia bonge moja ndani ya jiko. "Ziwa liliganda usiku ule, na siku tatu alikuwa chini ya barafu. Walipomleta hawakuniruhusu kumgusa, lakini nilimgusa. Yeye sikuweza kumpasha joto. Basi hii nikasema haitapata baridi maadamu mimi ni hai."

Maneno yangu yaliyopambwa yaliniishia yote. Nilikuwa nimeingia nikiogopa atajua nilichofanya mimi. Ndipo hofu ikageuka ndani yangu, nikaogopa kwa mara ya kwanza asije akajua alichofanya yeye. Na hii ya pili ilikuwa mbaya kuliko ile, kwa sababu ile ya kwanza ingekwisha siku akinifukuza.

Nilifungua sanduku nikaliweka mezani.

"Imepasuka, Bi Nonie."

Hakupiga kelele. Alikitafuta kichwa kwa dole gumba lenye unga, akaufuata ufa juu mpaka mwisho, akaurudia chini. Ufa ukajaa unga, ukaonekana mweupe.

"Vipi?"

"Nilipiga mno. Siku ya kwanza, karibu masaa mawili."

"Batty alipiga harusi nzima, jioni mpaka jua likachomoza. Haikupasuka."

"Ilikuwa imelala muda mrefu."

"Kulala hakuui mtu," alisema. "Na ilikuwa imelala mahali pakavu, pazuri, pa..." Akakoma.

Aligeuka akatazama kishubaka. Alienda polepole, akaweka kiganja juu ya jiwe, akakiacha hapo. Niliona midomo yake ikicheza bila sauti. Ndiyo namna mtu anavyohesabu. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na aliwahi kuona mlango wa mbao ukisinyaa kiangazi na meza ikipasuka karibu na moto. Lilikuwa linamjia. Nilimwona linamjia.

"Fintan," alisema bila kugeuka, "umeshampelekea fundi? Amesema ni nini? Isije ikawa..."

"Niliiacha kwenye gari," nikasema.

Aligeuka.

"Jumapili ileile. Usiku kucha. Barafu ilishuka. Asubuhi nikaichukua hivyohivyo ikiwa imeganda, nikaipuliza. Nilikuficha."

Mtu mwenye hofu hachagui uongo, anadaka ulio karibu. Sikuwaza kamwe kwamba, katika uongo wote ulioko duniani, nilikuwa nimedaka huo.

"Kwenye baridi," alisema Nonie.

"Ndiyo."

"Na ile ya kwenye simu?"

"Ilikuwa yangu."

"Ile niliyoililia?"

"Yangu, Bi Nonie."

Kiganja chake kiliondoka kwenye jiwe. Alikishika kwa mkono mwingine. "Kitu kimoja tu aliniomba," alisema. "Kimoja. Nikakikabidhi kwako." Akanionyesha mlango. "Toka."

"Fundi anasema isikae kwenye..."

"Toka nyumbani mwangu!"

Nikatoka. Mkate ulikuwa unaungua na hakuna aliyeutazama. Nilifika kwenye gari ndipo nikakumbuka nimeiacha filimbi mezani, hatua mbili kutoka kwenye jiko. Nilipotaka kurudi nimwambie aiweke mahali pa baridi, nikatambua siwezi. Ningemwambiaje hilo, na nimetoka kuapa kwamba baridi ndiyo iliyoipasua?

Nilimpigia Colman usiku huohuo. Alikuwa amealikwa kwenye Misa, na Nonie lazima angemwuliza.

"Akikuonyesha, sema ni baridi."

"Unataka nidanganye kuhusu mbao?"

"Nakuomba, ndugu yangu."

"Na akiirudisha juu ya jiko?"

"Ichukue wewe. Mwambie utaikarabati."

"Nitaangalia," alisema akakata simu. Kwa Colman neno hilo linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana.

Wiki ile parokia ilipata habari. Wazazi walitoa watoto wao darasani kwangu bila kuniambia. Dukani mwenye duka alinirudishia chenji kwa kuiweka juu ya kaunta, si mkononi. Mzee mmoja aliyecheza dansi kwa muziki wa Batty ujanani alinisimamisha njiani, akanitazama tu, akatikisa kichwa, akaenda zake. Yote hayo niliyavumilia. Kilichonikosesha usingizi ni uso wa Nonie alipokuwa ameshika lile jiwe, anahesabu. Nilijua hajamaliza kuhesabu. Nilijua neno moja la Colman lingemmalizia hesabu yake, na bibi wa miaka sabini na minne angekaa peke yake jikoni akijua kwamba kaka yake alikufa mara ya pili kwa mkono wake yeye, akiokwa siku baada ya siku, kwa mapenzi.

Siku ya Misa nilikaa benchi la mwisho. Hakukuwa na muziki. Padri alisema jina la Batty, kiti changu karibu na altare kikiwa kitupu, na watu wakageuka kunitazama kwa zamu. Mwishoni nilitangulia kutoka nikasimama kando ya ukuta wa makaburi. Baridi ilikuwa kali. Jasho lilinishuka mgongoni vilevile.

Nonie alitoka ameshika sanduku. Alikwenda moja kwa moja kwa Colman, akalifungua, akamwekea mikononi. Nilikuwa mbali kiasi cha hatua kumi, nasikia kila neno.

"Wewe ni fundi," alisema. "Niambie ukweli. Ni nini kilichoipasua?"

Colman aliigeuza. Alizungusha pete moja kwa kidole, polepole, akaiacha. Aliinua kichwa akanitazama mimi kwa muda mrefu. Sikumbuki kama nilikuwa napumua.

"Baridi, Nonie," alisema Colman Geelan. "Ni baridi."

Nonie alitikisa kichwa kukubali. Mabega yake yalishuka. "Nilikuwa nimeanza kuogopa," alisema, akaichukua filimbi akairudisha sandukuni.

"Nipe niende nayo," Colman alisema haraka, na Colman hasemi haraka. "Miezi sita tu. Nitaitunza."

"Haitoki tena mikononi mwangu."

"Nonie, nisikilize..."

"Ilitoka mara moja, ukaona." Akalifunga sanduku, akapita mbele yangu kama anayepita mti.

Jumatatu nilikuwa na barua yake, ya Boston. Nilitembea mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kidogo na nilimwona. Jiko lilikuwa jekundu mpaka mlangoni mwake, mabonge yamerundikwa pembeni kuliko nilivyowahi kuyaona. Filimbi haikuwa sandukuni. Alikuwa amevitoa vipande vyote vinne, akavilaza kwenye kitambaa cheupe, si kishubakani bali kwenye bamba la jiko lenyewe, karibu kabisa na bomba la moshi. Yeye alikuwa ameketi mbele yake, kiti kimesogezwa, kama mtu anayemwuguza mtu.

Nilikuwa na neno mdomoni. Naapa nilikuwa nalo.

Tak.

Nonie alisikia. Aliinua kichwa, uso ukamlainika, akaisogelea kwa sikio.

"Inaamka," alisema taratibu. Hakuniambia mimi.

Halafu aliona kivuli changu sakafuni.

"Barua weka dirishani," alisema. "Na ufunge mlango, unaingiza baridi."

Nikaufunga.